Mwalimu wa sekondari hubadilika upesi, ila anafuata mtihani

Kila mtaala mpya unapoingia, lawama humtangulia mwalimu. Tangu utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa uanze nchini Tanzania Januari 2024, kauli ni ileile: walimu wa sekondari wamezoea, hawataki kubadilika.

Lawama hiyo ina ukweli wake. Yupo mwalimu ambaye notisi zake zimeshageuka rangi, anampa kiranja daftari aandike ubaoni, mwenyewe yuko ofisini. Mtaala unaozingatia umahiri, yaani kile mwanafunzi anachoweza kufanya, uliingia sekondari mwaka 2005, na hadi leo vipindi vingi ni vya kunakili. Isitoshe, kuna suala la kulijua somo lenyewe. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi chini ya MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, vijana waliotoka Kidato cha Sita walipigwa msasa wa muda mfupi wakapelekwa kufundisha, mtaani wakabatizwa "voda fasta". Wengi walijiendeleza, na wamo walimu hodari kwelikweli, lakini tusijidanganye kwamba tulianza na msingi imara.

Sasa mtazame mwalimu aliyeajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fizikia na Kemia zimeunganishwa machoni pake, zikatenganishwa tena. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2014 yalitoka kwa GPA, yaani wastani wa alama, badala ya madaraja ya Divisheni. Kabla hajazoea kuwaeleza wazazi maana yake, mwaka 2016 Divisheni zikarudi. Leo Elimu ya Biashara ni lazima, na kama shule haina mwalimu wake, mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma na ratiba, atamgeukia yeyote mwenye vipindi vichache. Mwalimu wa Historia naye anaweza kutoka kipindi anachofundisha kwa Kiingereza akaingia kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, inayofundishwa kwa Kiswahili. Na anafundisha. Mtu wa namna hii kumwita mgumu wa kubadilika kunanishinda.

Ushahidi mzuri zaidi ni mtihani. Baraza la Mitihani likitoa fomati mpya, haichukui muda majaribio ya wiki na moko (mitihani ya majaribio) za mkoa zimeshaifuata, aya kwa aya, bila semina wala posho. Maana yake uwezo wa kubadilika upo, na unaelekea kwenye kipimo. Mkuu wa shule akiitwa kikaoni anaulizwa amepata Divisheni One ngapi na Ziro ngapi. Mwalimu anayetumia vipindi viwili kuwaachia wanafunzi wabishane juu ya jaribio la maabara hasifiwi, anaulizwa mbona yuko nyuma ya azimio la kazi.

MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwangu ni wazo zuri kuliko semina za zamani ambazo mmoja aliiwakilisha shule nzima akarudi na begi na shajara. Walimu wanakutana hapohapo shuleni, kwenye jumuiya za kujifunza, wanakosoana. Tatizo ni saa. Mwenye mikondo minne na rundo la madaftari ya kusahihisha atakutana na wenzake lini? Vishikwambi vya sensa ya 2022 navyo viligawiwa kwa walimu, jambo jema, ila bando mara nyingi linatoka mfukoni mwao.

Mimi ningewatenganisha asiyejua na asiyetaka. Wa kwanza apewe mafunzo ya somo lenyewe, si mbinu tu. Wa pili anahitaji mkuu wa shule anayeingia darasani, si anayekagua andalio la somo mezani. Kuwaweka semina moja ni kuwapotezea muda wote wawili.

Wanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, walioanza Kidato cha Kwanza mwaka 2024 wanatarajiwa kufika Kidato cha Nne mwaka 2027. Karatasi ya mtihani watakayowekewa itasomwa na walimu wa nchi nzima kwa makini kuliko mwongozo wowote wa mtaala, na vipindi vya 2028 vitapangwa kwa kuifuata.