Dola 5.30 kwa mwaka: hesabu ya korosho ya Msumbiji

Watetezi wa soko huria wakizungumzia korosho ya Msumbiji husema kwamba waliopinga masharti ya Benki ya Dunia ya kulegeza uuzaji wa korosho ghafi nje walikuwa wakiwakingia kifua wenye viwanda huku mkulima akinyonywa. Hoja yao ina uzito. Kwa miaka mingi korosho ghafi ilizuiwa kutoka nchini, baadaye ikatozwa ushuru mkubwa, na bei ya shambani ikadidimia. Viwanda vyenyewe vilikuwa na mitambo mikubwa iliyovunja punje ovyo. Mkulima wa Nampula, mkoa wa kaskazini mwa nchi, maskini kuliko kibarua wa kiwandani, ndiye aliyelipia yote hayo.

Mkopo wa Benki ya Dunia ukaja na sharti la kupunguza ushuru huo. Katikati ya miaka ya 1990 ukashushwa hadi asilimia 14, na hapo serikali ilikuwa ndiyo kwanza imebinafsisha viwanda. Mtu kanunua kiwanda, hata hajakaa sawa, anaambiwa agombanie malighafi na wanunuzi wa India. Kufikia 2001 vingi vilikuwa vimefungwa na watu wapatao 10,000 hawana kazi, wengi wao wanawake.

Na mkulima je? Wanauchumi McMillan, Rodrik na Welch walipiga hesabu wakaona kwamba kaya ya wastani inayolima korosho haikupata nyongeza ya zaidi ya dola 5.30 kwa mwaka kutokana na mageuzi hayo. Igawanye kwa siku: senti moja na nusu. Sehemu kubwa ya nyongeza ya bei iliishia mikononi mwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa korosho ghafi nje. Tena mkorosho hauzai kwa tangazo la serikali. Mche hutaka miaka kadhaa, na nani atapanda ikiwa haamini kwamba sera ya mwaka huu itafika mwakani?

Mbanguaji wa kiwandani alipoteza mshahara mzima. Uliberali mamboleo, yaani imani ya kuliachia soko huria kila kitu, hudhani aliyeachishwa atahamia kazi nyingine yenye tija zaidi. Katika nchi iliyotoka vitani 1992, kazi hiyo ilikuwa wapi? Waliouliza swali hili wakati ule waliitwa vibaraka wa wenye viwanda, na hilo halikuwa haki.

Mwaka 1999 Bunge lilipandisha ushuru hadi kati ya asilimia 18 na 22. Baadaye Nampula vikaibuka viwanda vidogo vya kubangua kwa mikono, wanawake wakaajiriwa tena, na wakulima wa jirani wakapata mnunuzi mwingine asiye msafirishaji.