Majani ya chini ya Ficus lyrata: kukata au kuacha?

Ficus lyrata, ule mtini wa sebuleni wenye majani mapana yenye umbo la fidla, umewagawa wanaoutunza. Wapo wanaokata majani ya chini mapema, shina libaki tupu na majani yote yakusanyike juu, ili mmea uonekane mti kweli. Wapo wasiothubutu kugusa jani hata likikauka nusu. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, lakini si kwa kila jambo, na nadhani hoja kubwa ya wakataji inahitaji kupimwa kwa makini kabla mtu hajashika mkasi.

Hoja yenyewe ni kwamba majani ya chini yananyonya mti. Yamefunikwa na ya juu, hayapati mwanga wa kutosha, kwa hiyo yanakula bila kuzalisha; yakiondolewa, nguvu itapanda juu. Ukiisikia mara ya kwanza unaikubali. Shida ni kwamba jani haliishi hivyo. Jani changa hulishwa na mti, ni kweli, lakini likishakomaa linakuwa mtoaji wa sukari, na kwa kawaida halirudi tena kuwa mpokeaji. Likikaa kizani hadi likashindwa kujilisha, halinyang'anyi majani mengine chakula. Linapungukiwa lenyewe, linageuka njano, linadondoka. Na kabla halijadondoka mti hulivua mali yake: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi hurudishwa shinani na kupelekwa kwenye majani mapya. Anayekata jani la kijani anaunyima mti sukari, na anayewahi jani linaloanza umanjano anaunyima akiba ambayo ulikuwa unaikusanya.

Wakataji wana jibu: hata porini mti huu hupoteza majani ya chini. Wako sahihi. Kwao ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone hadi Kameruni, na huko hufikia mita 12 hadi 15; wakati mwingine huanza maisha juu ya mti mwingine na kuteremsha mizizi hadi ardhini. Lakini mti huo unapoachia majani ya chini, kilele chake tayari kinaota jua la ikweta. Ule wa sebuleni unaishi kwa mwanga mdogo unaopita dirishani, na mwanga huo hupungua haraka kila unapousogeza mmea ndani ya chumba. Tena majani yake ni makubwa na machache. Moja laweza kufika sentimita 45. Mmea wenye majani 20 ukikatwa 5 umepoteza robo ya majani yake kwa dakika chache, na kwenye shina lililovuliwa hivyo majani hayaoti tena mahali pale, isipokuwa macho yaliyolala, yaani vichipukizi ambavyo havijachomoza, yaamshwe kwa kukata shina lenyewe. Shina nalo hunenepa kwa sukari ya majani hayohayo. Ndiyo maana miche mingi iliyovuliwa mapema huishia kufungiwa kijiti ili isilale.

Kuna athari nyingine ambayo husemwa kidogo mno, nayo inaua mimea mingi kuliko mkasi wenyewe. Majani ndiyo yanayovuta maji kutoka kwenye udongo. Ukipunguza majani, chungu hukaa na unyevu muda mrefu zaidi, lakini mwenye mmea anaendelea kumwagilia kwa ratiba ileile, pengine anaongeza kidogo kwa huruma. Mizizi inakosa hewa, inaanza kuoza, na dalili zinatokea wapi? Kwenye majani ya chini yaliyosalia, kama mabaka ya kahawia iliyokolea. Mtu anaona mabaka, anakata tena, udongo unazidi kukaa maji. Aliyekata majani aingize kidole kwenye udongo kabla ya kila kumwagilia, aisahau ratiba.

Mahali ambapo naungana na wakataji bila kusita ni kwenye ugonjwa. Madoa yenye ukingo wa njano yanayotanuka na kuhamia majani mengine huweza kuwa ya bakteria, na hayo husambazwa na matone ya maji. Jani hilo liondoke leo. Lililokauka zaidi ya nusu pia halina cha kusubiriwa, maana sehemu iliyokufa haifufuki. Vidoadoa vyekundu kwenye majani machanga ni habari nyingine: hutokana na umwagiliaji usio na mpangilio, na hufifia jani likikua. Kukata hapo ni hasara tupu.

Na anayetaka umbo la mti? Ni haki yake, mmea uko nyumbani kwake. Ila kuvua shina hakuleti matawi. Matawi huja ncha ikikatwa, kwa sababu ncha hutoa homoni ya oksini inayoyazuia macho ya chini yasichipue. Ikiondolewa juu kidogo ya kifundo, pale jani linaposhikana na shina, baada ya wiki kadhaa mara nyingi hutokea chipukizi moja hadi tatu. Shina likishakuwa gumu na kichwa kikajaa, majani ya chini yanaweza kutolewa moja au mawili kwa wakati, kwa kipindi cha miezi.

Ushauri unaosikika mara nyingi, wa kusubiri Machi baridi ipungue ndipo ukate, umetoka nchi zenye baridi kali, na aliye London au Toronto aufuate. Kwetu karibu na ikweta siku ni karibu sawa mwaka mzima; Nairobi ni afadhali kukwepa Juni hadi Agosti, kipindi cha mawingu na baridi, na pwani joto lipo wakati wote, kwa hiyo swali ni mwanga wa chumba tu. Wakati wa kukata vaa glavu na tandika gazeti, kwani utomvu mweupe huwasha ngozi na kuchafua sakafu. Mabaki usiyaache mahali ambapo paka au mbwa atayatafuna. Jeraha halihitaji kupakwa majivu wala mdalasini. Utomvu huo ukikauka hulifunga lenyewe.