Arianna Huffington na Kalamu za Bure

Wahamasishaji wetu wanampenda sana Arianna Huffington. Binti wa Athens, mzaliwa wa 1950, akaenda Uingereza kusoma uchumi Cambridge, akaongoza klabu ya midahalo ya chuo na lafudhi yake nzito ya Kigiriki, kisha akawa tajiri wa habari Marekani. Makofi. Sehemu wanayoiruka ndiyo inayonihusu mimi.

Ila kwanza nimpe haki yake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1973 na kikasomwa sana. Cha pili, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikataliwa na wachapishaji 36. Mimi barua tatu tu za kukataliwa ziliniweka kitandani wiki nzima. Yeye anasema pesa zilipokata aliingia benki, akaomba mkopo bila mali yoyote ya kuweka rehani, akapewa. Baadaye akaandika maisha ya mwimbaji wa opera Maria Callas, Mgiriki mwenzake, na ya mchoraji Picasso. Mwaka 2003 aligombea ugavana wa California, akajitoa kabla ya kura. Tuyapite ya siasa.

Mei 2005, akiwa na miaka 54, alianzisha tovuti ya habari na blogu, Huffington Post, pamoja na Kenneth Lerer, Jonah Peretti na Andrew Breitbart. Wapo walioikejeli siku ile ile ya kwanza. Haikupita miaka sita, Februari 2011, kampuni ya intaneti ya AOL ikainunua kwa dola milioni 315, na mwaka uliofuata mwandishi wake David Wood akashinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa habari za wanajeshi waliojeruhiwa vitani.

Basi, wanablogu. Tovuti ile ilikuwa na waandishi wa kuajiriwa, lakini ilijazwa pia na maelfu ya watu walioandika bure, wenye majina makubwa na wasiojulikana hata mtaani kwao. Mauzo yalipotangazwa, hawakuona hata senti. Mmoja wao, Jonathan Tasini, alifungua kesi akidai dola milioni 105 kwa niaba ya wenzake. Mahakama iliitupa 2012: waliandika wakijua hakuna malipo.

Kisheria sina ubishi. Utetezi wa Arianna nao una uzito: watu huenda kwenye vipindi vya televisheni bila kulipwa, kwa nini blogu iwe tofauti? Tatizo langu ni kwamba anayekwenda kwenye televisheni huwa na bidhaa nyuma ya mlango, kitabu au kura anazozitafuta. Mwandishi wa kawaida bidhaa yake ni yale yale maneno aliyokwisha kuyatoa bure. Niliwahi kuandikia tovuti moja kwa miezi minane kwa ahadi ya "utajulikana". Aliyezidi kunijua ni mwenye nyumba, kila tarehe tano.

Simuiti mwizi. Naona alifanya ambacho wenye vyombo vya habari wengi wangefanya wakipata nafasi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa mwandishi kabla ya kuwa tajiri. Aliyebembeleza milango 36 alijua uchungu wa kazi isiyo na mnunuzi. Na fungu dogo tu la milioni 315 lingebadilisha kabisa namna ninavyomsimulia leo. Utaratibu wa kuchapisha bure ulifungwa Januari 2018, yeye alishaondoka tangu 2016.

Aliondoka kwenda kutufundisha kulala. Mwaka 2007 alianguka kwa uchovu, akajigonga kwenye meza na kuvunjika mfupa wa shavu. Hapo ndipo alipoanza kuhubiri kwamba kujichosha hadi kuzimia si sifa, akaandika vitabu viwili juu yake na kuanzisha kampuni ya Thrive Global. Kampuni hiyo iliwahi kuuza kitanda kidogo cha kulaza simu usiku, nje ya chumba, kwa dola 100.

Simu yangu hulala sakafuni, karibu na soketi, na usiku huu bado haijalala kwa sababu ndiyo ninayoandikia haya. Bure.