Mwashoki au mwarobaini: kivuli cha nani?

Mtaani kwetu Sinza, Dar es Salaam, bajaji mbili zikikutana, moja lazima ipande kwenye mfuniko wa mtaro kupisha. Viwanja vilipimwa miaka ya 1970; kuta na magari vilikuja baadaye, na nafasi ya mti imebaki hatua moja tu kati ya ukuta na mtaro. Wakazi tumekubaliana kupanda miti. Mti gani, hapo ndipo pana kazi.

Wengi wanataka miashoki, na hoja zao zina uzito. Mwashoki hupanda juu kama mshumaa, matawi yamelalia shina, hivyo gari la maji taka hupita bila kukwangua kitu. Mkungu, kwa mfano, hupukutisha majani mapana kama sahani na kuziba mtaro, na popo wakishakula kungu usiku, asubuhi kokwa ziko juu ya magari. Mkrismasi, pamoja na maua yake mekundu ya Desemba, mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua peving. Fikasi hata tusiitaje.

Shida ya mwashoki huonekana saa nane mchana. Kivuli chake ni kama mstari wa chaki. Unatoka dukani na kiroba cha unga, umepita miashoki kumi, na jua lote ni lako.

Mwarobaini una kivuli cha kweli, huvumilia kiangazi, na ukikatwa huchipua. Lakini hufika mita 15 na zaidi, huingia kwenye nyaya, na mizizi yake huenda mbali. Karo la maji taka lenye ufa si jirani mwema kwake.

Kuna hoja nyingine isiyosemwa kikaoni. Kivuli huleta benchi, benchi huleta bao, bao huleta kijiwe cha bodaboda. Jirani mmoja aliniambia pembeni, “Mwashoki hauna mgeni.” Namwelewa, kupigiwa kelele dirishani hadi saa tano usiku si jambo dogo. Ila kijiwe hicho hicho ndicho kinachojua yule mtoto anayelia ni wa nani, na lile gari geni limeegeshwa tangu lini.

Mimi ningepanda miarobaini upande mmoja tu, usio na nguzo za umeme. Barabara yetu inakwenda kaskazini na kusini, nguzo ziko mashariki, kwa hiyo miti ya magharibi ndiyo itakayokinga jua la alasiri. Iachane mita nane hadi kumi, matawi ya chini yaondolewe mapema ili lori lipite, na penye karo nyuma ya ukuta upandwe huo mwashoki wao.

Kikao kijacho ni Jumapili. Hadi sasa aliyejitolea kumwagilia miche kiangazi cha kwanza ni mama muuza vitumbua, ambaye hana hata kiwanja mtaani.