Kucheka msibani tunaweza, kabla ya msiba ndo shughuli

Juzi usiku nimeangalia tena Mita Tova, muvi ya Israel ya 2014 ya Sharon Maymon na Tal Granit, na usitegemee kuikuta kwenye zile zilizotafsiriwa na madijei wetu, ni Kiebrania mwanzo mwisho, utasoma maandishi chini mpaka macho yaume. Jina lake maana yake kifo chema. Wazee wako kwenye nyumba ya wazee Jerusalem, rafiki yao Max ana maumivu hayasikii dawa, mkewe anawaomba wamsaidie apumzike, basi mzee Yehezkel ambaye ni fundi wa kuungaunga vitu anatengeneza mashine, kitufe mgonjwa anabonyeza mwenyewe. Na mtaalamu wao wa dawa ni daktari wa mifugo. Wa mifugo jamani! Siri inavuja, na wazee wengine wanaanza kuja kugonga mlango kuulizia huduma kama vile wamesikia kuna fundi mzuri wa viatu mtaani.

Kuna mtu ataniuliza unachekaje kitu kama hicho. Mimi hata hiyo mashine siiungi mkono, na muvi yenyewe haikulazimishi, maana Levana mke wa Yehezkel anawaita wauaji waziwazi, halafu kumbukumbu zake yeye mwenyewe zinaanza kumpotea, hapo unaacha kucheka kidogo. Ila sicheki kifo. Nacheka tunavyozungukazunguka. Yehezkel anampigia simu bibi mmoja mgonjwa, anajifanya ni Mungu, anamwambia aendelee na matibabu mbinguni kwa sasa hamna nafasi. Sasa linganisha na sheria halisi ya Israel ya 2005 kuhusu wagonjwa walio karibu kufa: mashine ya kupumulia inayofanya kazi mfululizo huruhusiwi kuizima, ila inaweza kufungwa taima, ikijizima yenyewe basi ni halali kutoiwasha tena kama mgonjwa hataki. Sheria imetungwa na watu wazima kabisa, na kwa heshima ya dini (naielewa), lakini ukiisimulia kijiweni watu watajua ni komedi.

Ya pili ni The Farewell ya Lulu Wang, 2019. Bibi yuko Changchun, China, ana kansa ya mapafu, ukoo mzima umekubaliana asiambiwe, wanatunga harusi ya mjukuu ili wote wapate kisingizio cha kuja kumuaga. Harusi feki, vilio vya kweli. Na kumbe bibi mwenyewe mumewe alipougua alimficha hivyohivyo! Hiyo stori imetoka kwenye familia ya Lulu Wang mwenyewe, na mwishoni tunaonyeshwa bibi wa kweli, miaka 6 baadaye, bado yupo anadunda.

Hii ya pili iliniuma kwa sababu kwetu Songea tuliicheza bila kamera. Bibi alirudi kutoka hospitali kubwa, wakubwa wakakaa kikao, tukaambiwa sote tuseme ni vidonda vya tumbo. Wiki nzima baba mdogo anamletea maziwa ya vidonda vya tumbo. Bibi anakunywa, anashukuru, mimi na binamu yangu tunaangalia chini.

Halafu alipofariki watani walikuja, na wale hawana kikao. Mmoja kajilaza kaburini anadai hatoki mpaka alipwe, mwingine kafunga khanga ya marehemu anaigiza alivyokuwa anakataa kukopesha chumvi, watu wanacheka na machozi yanatoka. Kwa hiyo mtu asiniambie komedi ya kifo ni mambo ya Wazungu, sisi tunayo, tena laivu, shida yetu ni kwamba inaanza mtu akishafunikwa. Wakati bado anasikia, anaweza kujibu, anaweza kusema nataka hiki sitaki kile, tunamletea maziwa.

Siku moja kabla hajazidiwa bibi aliniita nimkune mgongo. Akasema, mjukuu wangu, waambie siku yenyewe wasinivalishe lile gauni la zambarau la mama yako mkubwa, nitatoka sandukuni. Nikamwambia bibi, si ni vidonda vya tumbo tu? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ndiyo, ni vidonda, na usimwambie baba yako mdogo, ataumia, maziwa yenyewe ananunua kwa mkopo.

Walimvalisha la zambarau.