Shahada ya Miaka Miwili ya Kiingereza Si Kimbilio la Walioshindwa

Wapo wanaoitazama shahada ya miaka miwili ya Kiingereza katika vyuo vya jamii vya Marekani, yaani vyuo vya miaka miwili vinavyohudumia wakazi wa eneo lao, kama kimbilio la waliokosa nafasi chuo kikuu, nami sikubaliani nao hata kidogo. Chuo cha jamii cha Joliet, huko Illinois, kilianzishwa mwaka 1901 makusudi ili vijana wasome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao, na kazi hiyo haijapoteza heshima yake.

Kwa kawaida shahada hii huhitaji krediti (alama za kupimia kiasi cha masomo) zipatazo 60, na nyingi kati ya hizo si za Kiingereza, kwani kuna hisabati, sayansi na historia. Kozi za fasihi huwa chache. Ndiyo maana naona uzito wake umo katika kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, ambayo wengi huichukulia kuwa ya kupita tu. Humo mwanafunzi huandika kwamba mhusika fulani ana uchungu, kisha mhadhiri humrudishia karatasi akimtaka aonyeshe ni sentensi ipi iliyomfikisha kwenye uamuzi huo. Anapoirudia hadithi anakuta kwamba mhusika hakutamka lolote kuhusu uchungu, ila amekuwa akiikunja na kuikunjua barua ileile, na hapo ndipo aya yake inapoanza kuwa na hoja. Katika vyuo vikuu vingi vikubwa kozi kama hiyo hufundishwa na wanafunzi wa uzamili au uzamivu. Katika chuo cha jamii, mhadhiri ambaye kufundisha ndiyo kazi yake huisoma rasimu mwenyewe.

Kinachoniuma ni krediti zinazopotea mwanafunzi anapohamia chuo kikuu, kwa sababu kozi aliyoitolea jasho inaweza kukataliwa au kuhesabiwa kuwa ya ziada tu. California ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyoanzisha shahada maalumu ya uhamisho, na anayeipata huhakikishiwa nafasi katika mfumo wa California State University, ambao ni kundi la vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, akiingia mwaka wa tatu, ingawa si lazima iwe katika kampasi anayoitaka. Pasipo na utaratibu wa namna hiyo, mwanafunzi amwone mshauri wa uhamisho kabla ya kujisajili muhula wa kwanza, akiwa na orodha ya kozi zinazotakiwa na chuo kikuu anachokikusudia, na asiondoke bila jibu la maandishi.