Vichwa Viwili vya Ziada

Nyuma ya taa ya chumba changu hapa Magomeni aliishi mjusi kafiri, na nilipohamia nilimkuta. Usiku anatoka, anajibanza karibu na mwanga, mbu akijisahau tu, kwisha habari yake. Hakuwahi kunidai hata shilingi. Mimi, na akili zangu timamu, nikamkamata, nikamtia kwenye mtungi wa plastiki uliokuwa wa pipi, kisha nikaanza kuzunguka mtaani kumtafutia mbu.

Chanzo ni simu. Nilikuwa naangalia video za Wazungu wanaofuga mijusi na vyura kwenye masanduku ya vioo yenye majani na taa, nikajiambia, huku kwetu si wako bure? Masika yalikuwa yamekolea, Msimbazi umefurika, njia ya Jangwani imefungwa, vyura wamepanda hadi mtaro wetu. Nikaokota wawili, wanene, ngozi yote vipele, nikawaweka chini ya kitanda kwenye beseni lenye udongo na maji. Mfuniko ulitakiwa upitishe hewa, kwa hiyo nikakata kipande cha chandarua. Chandarua changu mwenyewe, ninacholalia.

Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe chura hali kitu kisichotikisika! Nilimpa ugali, akautazama kama mtu aliyeletewa deni la jirani. Nikampa dagaa, na dagaa yule hakuwa ametikisika tangu Mwanza. Ikabidi kila jioni nichukue kopo, nisimame kwenye meza ya mama anayekaanga samaki, niwinde inzi. Siku ya tatu akaweka upawa chini.

"Mwanangu, samaki hununui, inzi unachukua. Wateja wakiniuliza wewe ni nani wangu, niwaambieje?"

Usiku ndiyo usiseme. Wale mbu waliokuwa chakula cha mjusi sasa walinila mimi, wakipitia tundu nililolikata kwa mkasi wangu. Na mvua ikigusa bati tu, dume anaanza. Msidhani ni ule mlio wa vyura wa hadithi za watoto. Ni mkoromo, wa mwanaume mzima aliyeshiba pilau ya harusi. Anakoroma, ananyamaza kidogo, anakoroma tena.

Chumba cha Mama mwenye nyumba kimepakana na changu. Mimi hofu yangu ilikuwa uchawi: vyura chini ya kitanda cha kapera, nani atanielewa? Lakini nyumba yetu ina sheria moja iliyo juu ya zote, kwamba maji na LUKU vinagawanywa kwa vichwa. Mama alisikia mtu anakoroma, akafungua daftari.

Ijumaa asubuhi mjumbe akaja, akaketi barazani kwetu.

"Analaza mtu humu, wiki ya tatu sasa," Mama akashtaki. "Anakoroma mpaka vikombe vyangu vinagongana, na mchango hatoi."

"Shikamoo mzee. Mimi silazi mtu."

"Marahaba. Anayekoroma nani?"

Nikaingia ndani, nikatoka na beseni na mtungi.

Hapo ningenyamaza, ningepona. Nikaona nijitetee kwa elimu. Nikawasimulia vyura wadogo wa maporomoko ya Kihansi, kule Udzungwa, kwamba maji ya mto yalipopelekwa kuzalisha umeme manyunyu yao yalikauka, na mwaka 2000 karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda kulelewa Marekani. Mwaka 2010 wengine wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa kwao bondeni.

"Kwa hiyo chura kapanda ndege," Mama akasema, "na wewe hata boti ya Unguja hujapanda."

Mjumbe akacheka, akakunja mkono wa kanzu. "Mimi mtu wa Rufiji, nimekulia mpungani. Chura atanifanya nini?" Akamnyanyua dume.

Chura akikamatwa ghafla humwaga kibofu. Huyu alimwaga chote, hakubakiza, juu ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya swala. Mjumbe akamwachia, chura akatua mapajani mwa Mama, Mama akaruka, mtungi ukaanguka. Mjusi huyo! Kandambili ya Mama ikamkanyaga mkia, mwenyewe akapanda ukuta na kuingia dirishani kwangu. Mkia ukabaki sakafuni, unarukaruka peke yake kama unamtafuta mwenyewe. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Wote tulikuwa tunautazama mkia.

"Ni maji tu, mzee!" nikapiga kelele, nikiona macho ya mjumbe yako kwenye kanzu. "Chura hanywi kwa mdomo, anafyonza maji kwa ngozi. Huyu kashinda kwenye beseni, anafyonza tu!"

Mama, aliyekuwa anatafuta kandambili yake, akainua kichwa.

"Mjumbe umesikia? Kakiri mwenyewe. Wanatumia maji."

Hukumu ilisomwa mjumbe akiwa amejifunga shuka la kuazima, kanzu iko kwenye ndoo. Vyura warudi mtaroni kabla ya adhuhuri. Umeme nimesamehewa, kwa kuwa walikaa gizani. Maji nilipe vichwa viwili, wiki tatu.

Usiku ule mjusi alikuwa nyuma ya taa, mkia kigutu, anakula mbu kwa hasira. Asubuhi nikamuuliza Mama kama na yule naye atahesabiwa.

Akafunga daftari. "Yule mwache. Yule alikuwepo kabla yako."